Tilos, kisiwa kitulivu cha Ugiriki: namna watu wanavyokifikia kwa yoti ya kukodi

Wasikilizaji wengi wameona kwenye telefone picha za watu wanaokaa juu ya mashua nyeupe katikati ya bahari ya buluu, wakiwa kwenye vakansi huko Ugiriki. Maswali yanayokuja nyuma ya picha hizo ni yale yale. Mashua ile ni ya nani? Mtu anaikodi namna gani? Anahitaji makaratasi gani? Na wale wakaaji wa visiwa, wanapata nini wageni wakishaondoka? Kwa kujibu tumechagua kisiwa kimoja tu, Tilos, kwa sababu ni kidogo, kimetulia, na kina historia ambayo inatugusa hata sisi Wakongo kwa upande fulani.

Tilos iko wapi

Tilos ni kisiwa cha kundi la Dodekanesi, kusini-mashariki mwa Bahari ya Aegean, karibu na pwani ya Uturuki. Iko katikati ya visiwa viwili vikubwa vinavyojulikana sana, Kos upande wa kaskazini na Rhodes upande wa kusini-mashariki. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 64 hivi. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilipata wakaaji 780. Ni kusema, kisiwa kizima kina watu wachache kuliko shule moja kubwa ya mji wetu.

Hakuna uwanja wa ndege. Mtu anayetaka kufika Tilos anashuka kwanza Kos ao Rhodes, kisha anachukua meli ya abiria ao mashua. Bandari ni Livadia, kijiji kinachozunguka ghuba ya duara upande wa mashariki. Kijiji kikuu ni Megalo Chorio, maana yake Kijiji Kikubwa, kilichojengwa chini ya ngome ya zamani. Kuko pia Mikro Chorio, Kijiji Kidogo. Hicho kilibaki bila watu katikati ya karne iliyopita, wakati wakaaji walishuka kuishi Livadia kandokando ya bahari, na wengine walienda Rhodes, Athens, Amerika na Australia. Kuta za mawe zingali zimesimama.

Mlima mrefu zaidi unaitwa Profitis Ilias, Nabii Elia, na unafika mita 654. Tofauti na visiwa vingine vya jirani ambavyo ni vikavu kabisa, Tilos ina chemchemi za maji na bonde lenye rutuba upande wa Eristos. Kuko mbuzi wengi, kuliko watu, wakaaji wenyewe ndivyo wanavyosema kwa kucheka. Tangu mwaka 1993 uwindaji umekatazwa, na ndege wakubwa wa kuwinda kama kozi na tai wanapata nafasi ya kuzaa kwenye miamba.

Tembo wadogo wa Tilos

Jambo moja linashangaza kila mgeni. Katika pango la Charkadio, karibu na Megalo Chorio, watafiti wa Athens walianza kuchimba mwaka 1971 na wakapata mifupa ya tembo. Lakini hawakuwa tembo kama wale wa Virunga ao Garamba. Walikuwa wadogo, kimo chao hakikuzidi mita 2. Wanasayansi wanaeleza kwamba mnyama mkubwa akifungiwa kwenye kisiwa chenye chakula kidogo na bila simba wa kumwinda, uzao wake unapunguka mwili polepole, kizazi nyuma ya kizazi. Mwaka 2007 tembo hao walipewa jina lao la kisayansi, *Palaeoloxodon tiliensis*, kufuatana na jina la kisiwa. Wanahesabiwa kati ya tembo wa mwisho walioishi Ulaya.

Historia fupi, na njia ya kuja mpaka Katanga

Visiwa vya Dodekanesi havikuwa vya Ugiriki siku zote. Vilikuwa chini ya Waturuki wa Osmani kwa karne nyingi. Mwaka 1912 Italia ilivichukua. Nyuma ya vita ya pili ya dunia, mkataba wa mwaka 1947 uliviweka mkononi mwa Ugiriki.

Ni katika miaka ile ya Waitalia ambapo watu wengi wa Rhodes na visiwa vya pembeni walitoka kutafuta maisha, na wamoja walifika mpaka Kongo. Wagiriki na Wayahudi wa Rhodes walifungua butike na biashara Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Wagiriki wengine walienda Kasenga, kwenye mto Luapula, na walifanya biashara ya samaki wa Ziwa Mweru kwa ajili ya chakula cha wafanyakazi wa migodi. Baba ya Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, alikuwa Myahudi aliyetoka Rhodes, naye pia alifanya biashara ya samaki upande ule.

Kwa wale waliobaki Rhodes, mambo yalikwenda vibaya sana. Mwezi wa saba mwaka 1944 Wajerumani walikamata Wayahudi wa kisiwa, zaidi ya watu 1,600, wakawapakia kwenye mashua na kuwapeleka mpaka kambi ya Auschwitz. Wachache sana walirudi. Familia zilizokuwa zimekuja Kongo mbele ya vita ziliokoka. Mtu wa Lubumbashi anayetembelea leo mtaa wa zamani wa Wayahudi kule Rhodes, na kusoma kwenye jiwe majina ya familia ambazo anayajua kutoka kwa maduka ya mji wake, anaelewa kwamba dunia si kubwa sawa vile tunavyofikiri.

Yoti ni nini, na inakodiwa namna gani

Yoti ni mashua ya kutembelea, si ya kubeba mizigo. Nyingi zinazokodiwa Ugiriki zina tanga na motere pamoja. Urefu wa kawaida ni mita 10 mpaka 15. Ndani mna vyumba vidogo vya kulala, jiko la gazi, choo, na tanki la maji. Kuko yoti zenye mwili mmoja, na kuko zenye miili miwili zinazoitwa katamarani, ambazo hazilali sana upande lakini bei yao ni kubwa.

Kuna njia tatu za kukodi.

Ya kwanza ni kukodi mashua tupu. Wageni wenyewe wanaiendesha. Sheria ya Ugiriki inadai kwamba kapiteni awe na cheti cha kuendesha mashua ya tanga, na mtu wa pili kati yao awe na uzoefu wa kumsaidia. Bila cheti hiki sosiete haitoi mashua, hata ukiwa na pesa namna gani.

Ya pili ni kukodi mashua pamoja na kapiteni. Wageni hawahitaji cheti. Kapiteni anaongoza, analala ndani ya mashua, na wageni wanamlisha. Kwa kawaida mshahara wake ni kati ya euro 150 na 250 kwa siku, mbali na bei ya mashua. Hii ndiyo njia inayofaa watu wasiojua bahari.

Ya tatu ni mashua yenye wafanyakazi kamili: kapiteni, mpishi, na mabaharia. Hiyo ni ya matajiri. Bei yake inafika makumi ya maelfu ya euro kwa juma moja.

Majuma ya kukodi yanahesabiwa mara nyingi toka siku ya posho mpaka siku ya posho. Kwa yoti ya kawaida ya mita 12, yenye nafasi ya watu 6 ao 8, bei ya juma inaweza kuwa euro 2,000 mwezi wa tano ao wa kumi, na kupanda mpaka 4,000 ao zaidi mwezi wa saba na wa nane. Ukigawanya kwa watu wanane unaona kwamba kila mmoja analipa karibu sawa na hoteli. Hapo ndipo siri ya zile picha: wengi wanaoonekana ndani yake si mabwana wakubwa, ni wafanyakazi wa kawaida wa Ulaya waliochanga.

Lakini bei ya kukodi si bei yote. Yaongeze haya:

- Garanti. Ni sawa na garanti ya nyumba kwetu. Sosiete inashika euro 1,500 mpaka 3,000 ao zaidi, na inarudisha mwishoni kama hakuna kitu kilichovunjika. Kuko pia asiransi ya kupunguza garanti hiyo.
- Mazuti. Mashua inatolewa na tanki lililojaa, na inarudishwa hivyo hivyo.
- Kodi ya serikali. Tangu mwaka 2019 Ugiriki inatoza kodi kwa kila mashua ya kutembelea inayopita mita 7. Mara nyingi sosiete inailipa, lakini uliza iko upande wa nani kwenye kontra.
- Usafi wa mwisho, mashuka, na kimashua kidogo cha mpira cha kufika pwani.
- Bandari, maji na kuran unapofunga kwenye gati.

Mtu mwenye akili anasoma kontra mbele ya kutuma pesa. Atazame mambo manne: nani anarudisha pesa kama safari imekufa, garanti inarudishwa nyuma ya siku ngapi, mashua ni ya mwaka gani, na asiransi inalipa nini. Siku ya kuchukua mashua, mzunguke na mtu wa sosiete, mpige picha kila mkwaruzo. Picha hizo ndizo zitawatetea siku ya kurudisha.

Makaratasi ya Mkongo

Ugiriki iko ndani ya eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Kongo anahitaji visa. Bei ya ombi la visa ya muda mfupi kwa mtu mzima ni euro 90 tangu mwezi wa sita 2024, na pesa hizo hazirudishwi visa ikikataliwa. Visa hiyo inaruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Ubalozi unataka kuona tike, makao, asiransi ya afya ya safari, na alama za kwamba utarudi: kazi, familia, akaunti ya benki. Kontra ya yoti inaweza kuonyesha makao, lakini jina lako liwe kwenye orodha ya watu wa mashua.

Ndugu zetu wenye karatasi ya kukaa Ubelgiji, Ufaransa ao inchi nyingine ya Schengen hawahitaji visa ya pili. Wanaenda Ugiriki na pasipoti yao pamoja na karatasi hiyo.

Jihadhari na jambo moja. Pwani ya Uturuki iko karibu sana, mtu anaiona kwa macho, na watu wa mashua wanaweza kusema "tuende kule tukule samaki halafu turudi." Uturuki haiko Schengen. Kuvuka ni kutoka inchi moja na kuingia nyingine. Kama visa yako ni ya kuingia mara moja tu, ukishatoka huwezi kurudi Ugiriki. Samaki mmoja anaweza kukugharimu tike ya ndege iliyobaki Kos.

Njia ya baharini: Kos, Nisyros, Tilos

Njia nyepesi ya kufika Tilos inaanzia Kos. Siku ya kwanza ni ya kununua chakula na kujifunza mashua. Kisha mnaelekea kusini mpaka Nisyros, kisiwa ambacho ni volkano. Watu wa Goma hawatashangaa: kuko shimo kubwa linaloitwa Stefanos, linatoa moshi wenye harufu ya kiberiti, na wageni wanashuka kwa miguu mpaka chini. Kutoka Nisyros mnaendelea kusini mpaka Livadia. Kila kipande ni maili za bahari 15 mpaka 20 hivi. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, ni masaa matatu mpaka manne.

Kutoka Rhodes ni mbali zaidi, zaidi ya maili 40, na wengi wanakata safari kwa kulala Symi ao Chalki.

Neno ambalo kila mtu wa Aegean analijua ni *meltemi*. Ni upepo wa kaskazini unaovuma wakati wa joto, zaidi sana mwezi wa saba na wa nane. Mbingu iko safi, jua linawaka, hakuna wingu hata moja, lakini bahari inachafuka. Nguvu ya 5 ao 6 kwenye kipimo cha Beaufort ni jambo la kawaida, na mara nyingine inapanda mpaka 7 ao 8. Inaweza kuvuma siku tatu, nne, bila kupumzika.

Hapo ndipo wageni wanapokosea hesabu. Kutoka Kos kwenda Tilos unasukumwa na upepo mgongoni, na kila mtu anafurahi. Kurudi, upepo uleule unakupiga usoni. Kipande cha masaa matatu kinakuwa cha masaa sita ya mawimbi na kutapika. Watu waliopanga kufika Tilos siku ya tano na kurudi Kos siku ya sita wanajikuta wamefungwa Livadia, ndege inawaacha, na sosiete inawatoza siku ya ziada. Wenye uzoefu wanaenda mbali mapema, kisha wanabakiza siku mbili za bure kwa ajili ya kurudi. Na polisi ya bandari ikitangaza kwamba mashua zisitoke, hakuna kubishana.

Mwezi wa tano, wa sita mwanzoni, na wa tisa ndiyo miezi mizuri zaidi. Upepo ni mpole, bei iko chini, na kisiwa hakina watu wengi.

Sisi tunaoishi kandokando ya maziwa tunajua kwamba maji hayachezewi. Kila yoti inapaswa kuwa na jile ya kuokoa kwa kila mtu, na mtoto apewe ya ukubwa wake. Ivaeni, msiikalie. Redio ya mashua inasikilizwa kwenye chaneli 16. Kwa telefone, walinzi wa pwani wa Ugiriki wanapatikana kwa 108, na namba ya msaada ya Ulaya nzima ni 112.

Kufunga mashua Livadia

Gati ya Livadia ni ndogo, inapokea mashua chache tu. Mwezi wa nane, anayefika saa kumi ya jioni anakuta pamejaa. Ugirikini mara nyingi mashua haifungwi ubavu. Unaangusha nanga mbele, unarudi nyuma polepole mpaka matako ya mashua yanakaribia gati, halafu unatupa kamba mbili. Ni kazi inayotaka utulivu. Ukikosa nafasi, unaangusha nanga ndani ya ghuba na kufika kijijini kwa kimashua cha mpira.

Tazama vizuri unapoangushia nanga. Chini ya bahari kuko majani yanayoitwa posidonia. Wageni wanadhani ni magugu, kumbe ndipo samaki wanapozalia. Nanga ikiyang'oa, yanachukua miaka mingi sana kurudi. Sehemu nyeusi ni majani, sehemu nyeupe ni mchanga. Angusha kwenye mchanga.

Maji ya tanki ni lita 300 mpaka 500 hivi kwa watu wote. Watu wanane wakiyaoga kama wako nyumbani, yanaisha kwa siku mbili. Wanaooga baharini na kujimwagia tu maji kidogo matamu mwishoni wanafika mbali.

Cha kuona na namna ya kujistahi

Basi dogo linaunganisha Livadia, Megalo Chorio na Eristos, lakini njia nzuri zaidi ni miguu. Kuko vijia vya zamani vya wachungaji na punda. Mtu anaweza kupanda mpaka Mikro Chorio asubuhi mbele ya joto. Eristos ina pwani ndefu ya mchanga na watu wachache.

Upande wa kaskazini-magharibi, juu ya mwamba, kuko monasteri ya Mtakatifu Panteleimon, ya karne ya 15. Sikukuu yake iko mwishoni mwa mwezi wa saba. Watu wa Tilos walio mbali wanarudi, kunapikwa, kunachezwa mpaka usiku mzima. Mgeni anakaribishwa kula. Lakini kanisa ni kanisa: funika mabega na magoti, zima telefone, usipige picha watu wanaosali. Neno *kalimera*, yaani habari za asubuhi, na *efharisto*, yaani asante, yanafungua milango kuliko euro.

Ukipatwa na ugonjwa mdogo, kuko kituo cha afya. Mgonjwa mzito anapelekwa Rhodes, ambako kuko lopitali kubwa. Mwenye dawa za kila siku, sukari ao tensio, abebe za kutosha.

Kisiwa kidogo kilichokataa kufa

Jambo la maana zaidi kuhusu Tilos si pwani zake. Visiwa vingi vya namna hii vinakufa polepole. Vijana wanaondoka, wazee wanabaki, shule inafungwa, daktari anahamishwa. Tilos ilishika njia yake.

Kwanza ni kuran. Kwa miaka mingi umeme ulikuja kutoka Kos kwa waya uliopita chini ya bahari. Waya ukiharibika, kisiwa kinabaki gizani, na friji za wavuvi zinazima. Hadithi hii hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 2015 kulianza mradi uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya. Waliweka mashine moja kubwa ya upepo yenye nguvu ya kilowati 800, mabamba ya jua ya kilowati 160, na batri kubwa za kutunza umeme. Upepo uleule wa meltemi unaosumbua mashua sasa unawasha taa. Mwaka 2017 mradi ulipewa tuzo za Ulaya.

Pili ni takataka. Zamani zilitupwa kwenye shimo moja mlimani. Tangu mwisho wa mwaka 2021 pubeli kubwa za barabarani ziliondolewa. Kila nyumba, kila restora, inagawanya takataka zake kwa makundi matatu, na wafanyakazi wanapita kuzichukua mlangoni. Mwenye yoti pia anapaswa kufuata utaratibu huo.

Tatu ni watu. Toka mwaka 2015 mashua za mpira zilizojaa wakimbizi zilivuka kutoka Uturuki, na nyingine zilifika hata Tilos. Kisiwa hiki cha watu wasiofika 1,000 kilikubali kupokea familia za Wasiria. Walipewa makao, watoto waliingia shule pamoja na watoto wa kisiwa, na wazazi wengine walipata kazi. Wakubwa wa kisiwa walieleza kwamba kisiwa kinachopoteza watu hakiwezi kuogopa watu.

Bahari moja, mashua mbili

Hatuwezi kumaliza bila kulisema hili. Njia ambayo yoti inapita kwa furaha ndiyo njia ambayo watu wengine wanavuka usiku wakiogopa. Kati yao kuna Wakongo. Katika miaka ya 2018 mpaka 2020, kwenye kambi ya Moria kule Lesbos, kisiwa kingine cha Aegean, Wakongo walikuwa kati ya mataifa yenye watu wengi. Kambi ile iliungua mwezi wa tisa 2020. Wengine wa ndugu zetu hawakufika hata kwenye kambi.

Sheria ya bahari iko wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982 unasema kwamba kila kapiteni, akiweza kufanya hivyo bila kuhatarisha watu wake, anapaswa kusaidia watu walio katika hatari ya kufa baharini. Haulizi pasipoti yao. Mwenye yoti anayeona mashua inayozama anaita kwenye chaneli 16, anataja mahali alipo, anabaki karibu, anatupa jile na kamba, na anafuata maagizo ya walinzi wa pwani. Kupita kana kwamba hakuona ni kosa.

Mgeni anaacha nini

Yoti inaweza kuwa baraka ao mzigo kwa kisiwa kidogo. Kuko wanaojaza chakula cha juma zima kwenye duka kubwa la Kos, wanafika Livadia, wanachukua maji, wanaacha mifuko ya takataka, wanapiga picha, wanaenda. Kisiwa kinabaki na hasara. Kuko wengine wanaonunua mkate kwa mwokaji wa kijiji, asali na jibini ya mbuzi kwa mfugaji, wanakula samaki wa mvuvi wa pale, wanalipa bandari bila kulalamika. Hao ndio wanaomsaidia kijana wa Tilos kubaki Tilos wakati wa baridi, wakati yoti zote zimeondoka.

Kwa anayepanga safari, haya ndiyo ya kushika: chagua mwezi wa tano, wa sita ao wa tisa, chukua kapiteni kama huna cheti, soma kontra na piga picha mashua, angalia visa yako ni ya kuingia mara ngapi, bakiza siku mbili kwa ajili ya upepo, na ufikapo kisiwani, nunua kitu kwa mwenyeji.